Uso wa Mama Musembi kwa Rangi Nne

Kasiva huchora watu kwa rangi nne tu, na ukimshauri aongeze ya tano mtakosana. Nyeupe, nyeusi, nyekundu, na manjano moja iliyofifia kama udongo wa kufyatulia matofali. Zote ni rangi za mafuta, za tyubu, ambazo huagiza kutoka Nairobi na kuzifunga ndani ya kitambaa kama mtu anayeficha nyama. Bluu hana. Kijani hana. Siku moja nilimuuliza kama ni ubahili au ni ushamba, maana mimi na yeye tumepakana ukuta hapa Nunguni, yeye na picha zake, mimi na cherehani yangu, na majirani wa namna hiyo huishiwa na adabu mapema. Akanijibu, "Mama Syombua, nikiwa na rangi nyingi napotea. Nikiwa na nne, lazima niangalie mtu."

Na kweli huangalia. Atakukazia macho mpaka ujiulize kama umesahau kufunga vifungo. Kabla ya kuja kwetu alikuwa Wote, akiandika majina ya maduka ukutani na kuchora kuku kwenye vibanda vya chipsi. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye hasira za karibu, na akiwa kazini haongei. Mimi huongea kwa niaba yetu sote wawili.

Nataka kusimulia kuhusu ile wiki ya Julai alipofariki Mama Musembi. Julai huku kwetu juu ni ukungu asubuhi, ukungu jioni, nguo hukaa kwenye kamba siku nzima na bado ukizishika ni baridi. Kwa mtu wa rangi za mafuta ni mwezi wa laana. Rangi haikauki. Unaipaka leo, kesho kutwa ukiigusa inakufuata kidoleni.

Mama Musembi, jina lake hasa Katunge, alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu. Vile vilemba vyao vya bluu mimi ndiye niliyevishona. Alikuwa mtu mpole, mwenye kicheko cha kujizuia, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wajukuu zake: hakupenda kupigwa picha. Simu ikitolewa, yeye anainua kiganja. Kwenye picha zote za sherehe za nyumba yao utaona kilemba cha bluu na vidole vitano. Sura yake ilikuwa imebaki kwenye kitambulisho peke yake, na kitambulisho chenyewe kilikuwa kimesuguliwa na miaka hadi uso ukawa kama mtu anayechungulia kwenye dirisha lenye vumbi.

Mwanawe mkubwa, Musembi, ndiye mwenye jumba tulilopanga mimi na Kasiva. Alijaribu kukikuza kile kitambulisho kwa kompyuta ili atengeneze bango la mazishi kama watu wengine, akapata madoa matupu. Ndipo akaja kwa Kasiva.

"Fundi, nataka mama yangu achorwe. Kubwa. Iwekwe mbele ya jeneza Jumamosi, watu wote wamuone."

Kasiva aligeuza kitambulisho huku na huku. "Hapa naona pua na masikio. Rangi siioni. Mama yako alikuwa na rangi gani?"

"Maji ya kunde," akasema Musembi.

"Watu wote Ukambani ni maji ya kunde. Niletee mtu anafanana na yeye, nimwangalie akiwa hai."

Musembi hakufikiria hata kidogo. Alisema, "Nitakuletea yeye mwenyewe."

Asiyetujua angeshtuka, lakini sisi hatukushtuka. Kwa Wakamba msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa, basi yeye ndiye. Musembi ana binti anayeitwa Katunge, yuko chuo, na tangu alipozaliwa baba yake humwita mwaitu, yaani mama yangu. Akinuna, baba hubembeleza. Akiugua, baba hulala sebuleni. Kwa hiyo msichana akaletwa, akakalishwa kwenye kiti cha Kasiva dirishani, na hakuna mtu aliyejiuliza kama kweli anafanana na nyanya yake. Jina lilikuwa limekwisha jibu swali hilo.

Ila huyo msichana amechukua kwa mama yake. Ana uso wa mviringo, mashavu ya kubana, na weusi ule mzuri unaong'aa. Kasiva alichora alichokiona, kisha akamzeesha kwa mikunjo na mvi. Mimi nilipita na chai nikasema, "Macho si yenyewe." Akaniambia nikashone nguo. Musembi alikuja, akasifu, na akatuma picha kwa ndugu zake kwa simu.

Jumatano asubuhi akamleta baba yake, Mzee Kilonzo, mume wa marehemu, aione kabla ya watu wengine. Mzee alisimama mbele ya ile picha akiwa ameegemea fimbo, koti lake limejaa matone ya ukungu. Ng'ambo ya ukuta niliacha kushona nikachungulia.

"Huyu ni mtoto wa Musembi," akasema mwishowe. "Mmemzeesha tu."

"Baba, si ndiye mwaitu..."

"Najua jina lake, nilikuwepo akipewa. Mimi nimeishi na Katunge wangu tangu nikiwa kijana mpaka nimekuwa hivi. Sitamzika na uso wa mtu mwingine. Kama hamwezi, wekeni jeneza peke yake."

Akatoka. Musembi alibaki mlangoni, aibu imempanda hadi shingoni, na kama ilivyo kawaida ya watu wenye majumba, aibu yake aliishusha kwa mpangaji. "Jumamosi nataka mama yangu hapo," akamwambia Kasiva. "Ukishindwa na hiyo, hata hii duka itakushinda."

Kasiva alichukua kisu chake chembamba, akaanza kukwangua. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikatoka kwa vipande vizito kama siagi iliyochafuka, kisha akafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Uso ukaondoka. Ukabaki ukungu wa hudhurungi kwenye kile kitambaa cha amerikani alichokuwa anachorea, na Kasiva akakaa mbele yake na mikono mitupu. Niliogopa kumtania. Hiyo ndiyo siku pekee niliyowahi kumwona akiwa na woga.

Alhamisi yule mwanamke akaja.

Alisimama kwanza kwangu. Alikuwa mtu mzima, pengine anakaribia miaka sitini, amejifunga leso mbili kwa baridi asiyoizoea, na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu la kule chini ambalo sisi wa milimani hatuna. "Samahani dada," akasema. "Naulizia pahali wanachora mama ya Musembi."

"Wewe ni nani yake?"

Akatazama barabarani kabla ya kunijibu. "Nimetoka Mutomo."

Nikaacha kukanyaga cherehani. Habari za mtoto wa Mutomo tulikuwa nazo Nunguni tangu zamani, ila ni zile habari za jikoni, za sauti ya chini. Kwamba Katunge alizaliwa kule Kitui ya kusini, akapata mtoto wa kike akiwa kwao, bado msichana. Kwamba Kilonzo alipompenda na kumtolea mahari, wazazi wa Kilonzo walikubali mke wakakataa mtoto, na mtoto akabaki na nyanya yake. Kwamba zile semina za kanisa ambazo Mama Musembi alikuwa akienda kila mwaka, nyingine hazikuwa za kanisa.

Nilimpeleka kwa Kasiva. Sikujua la kufanya tena. Aliingia, akaona kile kitambaa kilichokwanguliwa, akavunjika moyo.

"Ni hii?"

"Ilikuwa," akasema Kasiva.

"Basi nimechelewa." Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa bila kuombwa. Alituambia jina lake ni Kanyiva. Anapika chakula sokoni Mutomo, siku za mnada wa mifugo. "Nilikuwa napikia akina Abdiwahid, hawa wenye malori ya mbuzi. Redio ikaanza kusoma matangazo ya vifo. Ikasoma jina ya mama yangu. Ikasoma mzee. Ikaanza kusoma watoto, Musembi, Muli, na wale wengine. Nikaweka mwiko chini nikangoja. Nikasema labda mimi wameniweka mwisho. Ikapita ikaenda kwa wajukuu."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nilikasirika kwa kulia.

"Huku mnamwita Mama Musembi," akaendelea. "Kwetu aliitwa Mama Kanyiva. Jana nilienda pale boma. Musembi alinikuta kwa geti. Akaniambia ya kwamba shamba ya baba yake haina mtu wa Mutomo, na nikionekana Jumamosi atanitolea vijana. Shamba! Mimi niko na langu, hata limenishinda na ukame. Sitaki kitu yao. Nataka kutupa udongo kwa kaburi ya mama yangu kama mtoto wake. Si kama mtu amepita njia. Sasa nikaona kama sitakubaliwa, wacha angalau nimuone kwa hii picha nimesikia sokoni inachorwa."

Kasiva alikuwa amechukua kile kitambulisho, amekinyoosha hewani usawa wa kichwa cha yule mwanamke, na amefumba jicho moja. Nami nikatazama alikokuwa akitazama. Wana wa Mzee Kilonzo wote wamefuata baba, hakuna hata mmoja aliyefanana na mama. Lakini hapa palikuwa na lile paji la uso refu. Palikuwa na yale macho yaliyoinama kidogo pembeni, na mdomo unaojizuia. Hata nywele zilikuwa na mvi mahali palepale, nikaogopa.

"Kaa dirishani," Kasiva akamwambia.

"Nani?"

"Wewe. Kwa kiti."

Nikamvuta Kasiva mkono, nikamnong'oneza kwa ukali wote nilio nao. "Una wazimu? Hii nyumba ni ya Musembi! Akimpata hapa tutafukuzwa sote wawili, na mimi nina nguo za watu ndani."

"Nenda basi ukachunge nguo za watu," akasema, na tayari alikuwa anafinya tyubu.

Sikwenda. Nilifunga mlango wake, nikasimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza nikaona anavyofanya. Alianza na nyeusi iliyolegezwa kwa tarpentaini, nyembamba kama chai ya maskini, akaweka kivuli cha kichwa. Kisha akaandaa vilima vidogo kwenye kibao chake: nyekundu na manjano na nyeupe. Akachanganya, akashikilia kisu chenye rangi hiyo mbele ya shavu la Kanyiva, akatingisha kichwa, akaongeza nyeusi kiasi cha mdomo wa sisimizi. Akashikilia tena. Nilitarajia ukungu wa matope. Ikatoka maji ya kunde. Si ile tunayoisema midomoni kwa kila mtu, hii ilikuwa ya mtu mmoja, yenye wekundu kidogo masikioni, na chini ya macho ikawa karibu ya kijani.

"Kijani umetoa wapi?" nikamuuliza.

"Nyeusi na manjano. Nyamaza."

Kanyiva alikaa kama aliyechongwa. Mara moja tu aliuliza kama anaweza kumeza mate. Kasiva alipaka kwa tabaka nyembamba ili hewa ile ya baridi isimshinde, na nyeupe aliitumia kwa ubahili, maana nyeupe ndiyo inayokawia kukauka kuliko zote. Kanyiva alilala kwangu, kati ya vitambaa. Ijumaa wakarudia.

Ilibaki kilemba. Akina mama wa kanisa wangeangusha hema kama mwenyekiti wao angekuja na kilemba kisicho cha bluu, na Kasiva hana bluu. Nilileta kipande cha kitambaa chenyewe nikamwambia safari hii ameumia. Akachanganya nyeusi na nyeupe, majivu matupu. Nikacheka. Akaipaka juu ya lile paji lenye joto la nyekundu na manjano, na majivu yakageuka bluu mbele ya macho yangu. Nilisogeza kitambaa karibu. Nikatoka mlangoni, nikarudi. Bluu! Nilikuwa ningali nimeduwaa hapo ndipo niliposikia gari la Musembi likizimwa nje.

Kasiva alinitazama. Mimi nina pazia dukani mwangu ambapo wateja hujaribu nguo, na kati ya vyumba vyetu kuna mlango wa mbao tusioufunga. Nilimshika Kanyiva mkono, nikampitisha, nikamsukuma nyuma ya pazia katikati ya magauni ya arusi ya watu, nikakaa kwenye cherehani nikaanza kushona bila uzi.

Nilimsikia Musembi akiingia na hatua zake za mwenye nyumba. Kisha hatua zikakoma.

Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu yule. "Mwaitu," alisema. Safari hii hakuwa anamwita binti yake.

Niliinuka nikachungulia. Landlodi wetu, mtu wa kupiga watu kelele kwa sababu ya bomba la maji, alikuwa amesimama mbele ya picha na machozi yanamtiririka. Aliinua mkono akagusa shavu la mama yake. Rangi ilikuwa mbichi, ikamshika kidoleni na kuacha alama kwenye picha. Akakitazama kidole chake kama mtu aliyejikata.

"Umetoa wapi hii?"

"Kwa kitambulisho," akasema Kasiva.

"Jumatatu ulisema kitambulisho haina kitu."

"Nimeangalia vizuri."

Musembi akageuza kichwa taratibu. Akaona kiti dirishani. Akaona leso iliyoachwa juu ya kiti, na kikombe cha chai kinachotoa moshi chini yake, na kikombe kingine mkononi mwa Kasiva. Nyuma yangu pazia lilitikisika, nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili ipige kelele.

"Kuna mama mmoja ametoka Mutomo," akasema Musembi, sauti imerudi ile ya siku zote. "Anazunguka hapa sokoni akidanganya watu. Akikuja kwako unipigie simu. Kesho kuna watu wakubwa kule nyumbani, sitaki aibu kwa mazishi ya mama. Umenielewa, fundi?"

"Nimeelewa."

"Mtu akikuuliza, ni kitambulisho."

Hapo nikajua kwamba anajua. Alitoka akijifuta kidole kwenye suruali yake nzuri. Kasiva alichukua brashi kurekebisha lile shavu. Mimi nilimwambia Kanyiva atoke. Alitoka na ushanga wa gauni la mtu umenasa kwenye nywele, na alipoiona picha kwa mara ya kwanza kutoka mbele, alisema tu, "Sasa nimemuona. Inatosha. Kesho narudi Mutomo, sitaki mfukuzwe."

"Kesho utakuja," akasema Kasiva. "Simama hata nje."

Jumamosi tuliibeba picha kwa pikapu ya kanisa, mimi upande huu, Kasiva upande ule, tumeishika kwa kingo za fremu kwa vidole, maana katikati bado ilikuwa inanata. Tuliifunika kwa leso iliyoinuliwa juu ya vijiti isiguse. Nilisali barabara nzima kwamba tusipite kwenye shimo. Bomani palikuwa na mahema, viti vya plastiki, na watu hadi kwenye migomba. Jeneza liliwekwa mbele, picha ikasimamishwa kando yake. Nje ya ua, ng'ambo ya michongoma, niliona leso mbili zilizofungwa pamoja. Alikuwa amekuja.

Mchungaji aliomba, kisha Muli, mdogo wake Musembi, akafunua picha.

Halafu mama mmoja wa kilemba cha bluu akasema kwa sauti, "Mwenyekiti!" kama mtu anayemwona akiingia kanisani, na hapo wote wakapasuka kwa kilio. Hata mimi niliyeiona ikichorwa nilishikwa. Nilijivunia Kasiva mpaka kifua kikauma.

Mzee Kilonzo akainuka. Hakuna aliyekuwa amemwita. Alitembea na fimbo yake hadi mbele ya picha, akasimama karibu sana, huku watu wakizidi kupunguza sauti mmoja mmoja. Kisha akageuka, akatafuta kwa macho, akampata Kasiva pembeni mwa hema.

"Fundi," akasema kwa Kikamba, na mahali pote pakasikia. "Wewe hukumjua mke wangu."

"Sikumjua, mzee."

"Jumatano hukuwa naye. Leo unaye. Uso huu umeutoa wapi?"

Musembi alikuwa kando ya kipaza sauti. Alimkazia Kasiva macho na kutingisha kichwa kidogo, kiasi cha mtu anayefukuza nzi. Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, kitambulisho, na tungeenda nyumbani na maduka yetu. Mimi nami, nisiwafiche, katika moyo wangu nilikuwa nasema, sema kitambulisho, sema kitambulisho, huku macho yangu yakienda yenyewe kwenye michongoma.

"Kwa binti yake, mzee," akasema Kasiva. "Nilimkalisha dirishani kwangu nikamwangalia. Yuko pale nje ya ua."

Vichwa vyote viligeuka. Leso zile mbili hazikusogea. Vijana wawili wa Musembi walianza kutembea kuelekea lango, na Musembi alikuwa mwekundu wa macho, ameushika ule mlingoti wa hema kana kwamba ndio uliomtukana. Mzee Kilonzo alitazama kule kwenye michongoma. Akageuka, akarudi kwenye kiti chake taratibu, akakaa, akaweka fimbo katikati ya magoti. Vijana wakasimama njiani hawajui waende au warudi. Mchungaji, kwa kukosa la kufanya, akatangaza wimbo.

Nimeketi kwenye ibada nyingi ndefu, lakini ile ilikuwa kama kuketi juu ya makaa. Hotuba zilifuatana. Watu wakubwa wa Musembi walisifu malezi bora aliyopewa. Kasiva alisimama kando yangu, mkono wake umeshika wangu, na rangi iliyokuwa bado kwenye kucha zake ikaingia kwenye zangu. Nilimuuliza kwa sauti ya chini, "Sasa tutahamia wapi?" Alikuwa anautazama mgongo wa mzee.

Tukaenda kaburini. Jeneza likateremshwa. Mchungaji akasoma yale ya mavumbi kwa mavumbi, akasogea nyuma, akasema, "Sasa watoto wa marehemu watatupa udongo, tukianza na mkubwa."

Musembi akatoka mbele. Akashika koleo, akalichomeka kwenye kile kifusi chekundu, akaliinua likiwa limejaa.

Fimbo ya Mzee Kilonzo ikaja na kulala juu ya mpini.

"Ngoja," akasema mzee. "Mkubwa wako hajatupa."

Musembi alimtazama baba yake. Mzee hakuiondoa fimbo. Udongo ukaanza kuporomoka kidogokidogo kutoka kwenye koleo. Kisha mmoja wa akina mama wa vilemba vya bluu akaenda langoni bila kuulizwa, akapita katikati ya wale vijana, akarudi akiwa amemshika Kanyiva mkono, na watu wakafungua njia. Aliposimama ukingoni mwa kaburi kando ya Musembi, wale waliokuwa wametoka kuitazama picha walimtazama yeye, kisha wakatazamana, na hapakuwa na haja ya mtu kueleza chochote.

Musembi alimwaga udongo wake chini, akamnyooshea koleo tupu. Kanyiva hakulichukua. Alipiga magoti kwenye lile tope jekundu, akajaza viganja vyote viwili, na kwa sauti ambayo sote tuliisikia akasema, "Mama, ni mimi," akaachilia.